Mawese, namba 3,800 na shilingi 400,000 za mwalimu: nani anajibu?

Kisa hiki tumekiunda kwa ajili ya uchambuzi, kwa hiyo asiwepo mtu wa Kigoma wa kujitafuta ndani yake. Vipande vyake lakini ni vya kila siku, na ndiyo maana tumeviunganisha: tangazo halali la biashara, orodha ya namba isiyojulikana ilikotoka, utapeli uliofuata, na kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole.

Mama mmoja anauza mawese kwa jumla Kibirizi, Kigoma mjini. Wateja wake wako Kasulu, Kibondo na Tabora mjini, na wengi humlipa kwa simu. Mzigo umekuwa mwingi, anataka kuusukuma kabla bei haijaporomoka zaidi. Kijana mwenye steshenari maeneo ya Mwanga anamwambia ana mfumo wa kutuma SMS kwa mpigo na orodha ya "watu wenye hela". Wanapatana shilingi 150,000. Jumatatu asubuhi tangazo linakwenda kwa namba 3,800, likionyesha jina la mtumaji MAWESE BORA, na mwishoni namba ya simu ya mama.

Jumatano, baadhi ya watu walewale wanapokea ujumbe mwingine kutoka namba ya kawaida: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile laini nyingine ina shida. Jina litakuja la mdogo wangu." Alhamisi mama anapigiwa. "Shikamoo mama, napiga kutoka kampuni ya simu, tunahakiki laini za wafanyabiashara. Kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako, hebu nisomee." Anazisoma. Baada ya dakika chache WhatsApp yake imehamia kwenye simu ya mtu mwingine. Jioni hiyo mwalimu wa Kasulu, aliyezoea kununua kwake, anapokea ujumbe wa WhatsApp wenye picha na jina la mama: madumu manne ya lita 20 kwa 95,000 kila moja, nauli 20,000, lipia leo, jina litakuja la mdogo wangu. Mwalimu anatuma 400,000. Mzigo haufiki.

Kwa kawaida kisa cha namna hii huishia kumtafuta aliyepokea hela. Ni lazima atafutwe. Ila ukianzia hapo na kuishia hapo, watu wengine wenye wajibu wa kisheria wanapita pembeni bila kuulizwa, na orodha inabaki sokoni ikisubiri mnunuzi mwingine. Sisi tunaianza kesi hii kwenye orodha.

Namba zile 3,800 zina vyanzo vitatu. 900 ni za wateja wa mama mwenyewe, alizompa kijana kwenye karatasi. 800 zilitoka kwenye fomu za mahudhurio ya semina, zile zenye safu za jina, taasisi, namba ya simu na sahihi, ambazo kijana alipewa azitoe kopi akabaki na nakala. Nyingine 2,100 zilitoka kwenye daftari la wakala wa huduma za pesa kwa simu. Daftari la wakala kila mtu analijua: kaunta buku juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi, safu za tarehe, jina, namba, kiasi, sahihi. Mteja anayejaza mstari wa 14 anasoma mistari 13 iliyo juu yake. Kijana wa dukani kwa wakala alipiga picha kurasa zote za miezi miwili akaziuza kwa 30,000. Mwenye steshenari akaziingiza kwenye kompyuta, majina na viasi vikiwemo.

Hapo kwenye viasi ndipo hatari ilipo. Namba tupu ni kero tu. Namba yenye jina na kumbukumbu kwamba Jumamosi iliyopita mtu huyo alitoa 85,000 ni kifaa cha kazi kwa tapeli, kwa sababu anaweza kuanza mazungumzo na ukweli ambao mwathirika anaamini unajulikana na yeye na wakala peke yao.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaligusa daftari hili moja kwa moja. Jina na namba ya simu ni taarifa binafsi. Aliyezikusanya kwa lengo moja haruhusiwi kuzipeleka kwenye lengo lingine bila ridhaa ya mwenyewe, na anapaswa kuzilinda zisifikiwe na wasiohusika. Kuzifichua kinyume cha lengo lililokusanyiwa ni kosa la jinai: kwa mtu binafsi, faini ya kuanzia 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote, kwa kampuni, faini ya kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Aliyeumizwa anaweza kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kudai fidia. Kijana wa wakala na mwenye steshenari wote wawili wanaangukia hapa, hata kama mwalimu asingetapeliwa senti moja. Mwenye kibanda cha wakala naye ataulizwa alilindaje lile daftari. Kusema "mimi sikuuza" hakumalizi swali la kwa nini daftari lilikaa wazi mezani na kwa nini kurasa za zamani hazikufungiwa.

Turudi kwenye tangazo la Jumatatu, ambalo watu wengi hulihukumu vibaya, ama kwa kuliona halina kosa lolote, ama kwa kuliita kosa la mtandao moja kwa moja.

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, kinakataza ujumbe usioombwa: kuuanzisha, kuupeleka mbele, au kughushi taarifa za mtumaji. Wengi husoma hadi hapo. Maneno yanayobeba uzito yako mwanzoni mwa kifungu: lazima iwepo nia ya kutenda kosa lingine chini ya sheria hiyohiyo. Tangazo la mawese, hata likitumwa kwa watu 3,800 wasiolitaka, halina nia hiyo. Mwendesha mashtaka atakayemshitaki mama kwa kifungu cha 20 kwa ujumbe wa Jumatatu peke yake atakwama kwenye nia, na akikwama hapo mshitakiwa anatoka, wakati kosa la kweli lilikuwepo kwenye sheria nyingine.

Sheria hiyo nyingine ni ya Miamala ya Kielektroniki, Na. 13 ya 2015. Hii inagusa ujumbe wa kibiashara wenyewe, na haihitaji nia ya utapeli. Inataka mambo matatu: mpokeaji awe ameridhia, mwanzo wa ujumbe ueleze nani anatuma na kwa lengo gani, na kuwe na njia ya kukataa ujumbe mwingine. Ridhaa inahesabiwa kuwepo pale namba ilipopatikana wakati wa mauzo au mapatano ya mauzo, tangazo likawa la bidhaa za aina ileile, mteja akapewa nafasi ya kukataa na hakukataa, na nafasi hiyo ikarudiwa kwenye kila ujumbe.

Kwa kipimo hicho wateja 900 wa mama wangeweza kutangaziwa mawese kihalali. Wale 2,900 wengine hawakuwahi kufanya naye biashara, na hakuna tafsiri itakayowaingiza. Hata kwa wale 900 aliharibu, kwa sababu tangazo halikuwa na njia ya kukataa.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo wauzaji wa SMS za mpigo hawalisemi. Jina la mtumaji la herufi lina kikomo cha herufi 11 pamoja na nafasi. MAWESE BORA inaenea sawasawa. Ujumbe uliotumwa kwa jina la herufi haujibiki, hakuna namba ya kurudishia. Kwa hiyo "jibu ACHA kujitoa" chini ya jina la namna hiyo ni njia ya kukataa ambayo haipo. Lazima iandikwe namba halisi ndani ya ujumbe, na simu ya namba hiyo iwe na mtu anayesoma.

Lingine ni idadi. SMS moja hubeba herufi 160 za kawaida, na Kiswahili kinaenea humo bila taabu. Ukiweka kikaragosi kimoja, au ile alama ndogo ya juu iliyomo kwenye neno kama ng’ombe, ikiwa ya mkunjo ambao simu hujiwekea yenyewe, ujumbe wote unahamia kwenye mfumo wa herufi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Tangazo la mama lilikuwa na herufi 150 na kikaragosi cha dumu. Badala ya SMS moja likawa tatu. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha 11,400, na mpelelezi asiyejua atasema waliotumiwa ni 11,400. Wakili wa utetezi akiligundua kosa hilo mbele ya hakimu, ataanza kuutilia shaka ushahidi wote uliobaki. Idadi ya wapokeaji ihesabiwe kwa namba za simu zisizojirudia, kamwe si kwa vipande vilivyotozwa.

Kwa kuwa mifumo mingi ya kutuma ujumbe kwa mpigo imetengenezwa nje, inakuja na mipangilio ya nje. Sheria ya Marekani ya barua pepe za matangazo ya mwaka 2003 inaruhusu kutuma kwanza, ilimradi mpokeaji akikataa aheshimiwe ndani ya siku 10 za kazi. Kijana wa steshenari anaposema "mfumo umeniruhusu", anasema kweli kuhusu mfumo. Sheria yetu inaanza na ridhaa.

Jumatano mambo yanabadilika sura. Mwenye steshenari alikuwa ameuza nakala ya orodha, faili la Excel lililotumwa kwa WhatsApp, kwa mtu aliyemlipa 50,000. Ujumbe wa "ile hela itume" haukuombwa, na nia yake ni kudanganya ili kupata pesa. Sasa kifungu cha 20 kinasimama: faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Na kinasimama hata kama hakuna aliyetuma hela, kwa kuwa kosa ni kutuma ujumbe kwa nia hiyo.

Alhamisi inaongeza makosa matatu, na ni vizuri yatajwe kila moja kwa jina lake. Kuingia kwenye akaunti ya mama ni kuingia kwenye mfumo wa kompyuta isivyo halali, kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mama alisoma zile namba sita mwenyewe, lakini alizisoma kwa kudanganywa, na ruhusa ya aliyedanganywa kuhusu anachokiruhusu tusiihesabu ruhusa. Kujifanya mama mbele ya wateja wake ni kosa la utambulisho, kifungu cha 15, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka saba. Kuchukua hela ya mwalimu ni udanganyifu wa kutumia kompyuta, kifungu cha 12: faini isiyopungua milioni 20 au mara tatu ya faida, kubwa kati ya hizo, au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote. Mara tatu ya 400,000 ni milioni 1.2, kwa hiyo kinachotumika ni milioni 20. Hesabu ya mara tatu haianzi kufanya kazi kwenye kifungu hiki mpaka faida ipite takribani milioni 6.67. Tunaieleza kwa sababu wapo wanaodhani hela ikiwa ndogo kosa nalo ni dogo. Sheria imeweka kiwango cha chini, hakimu hashuki hapo kwa kuwa mwathirika alipoteza laki nne tu.

Mwenye steshenari anaingiaje kwenye siku hizi mbili? Kuuza orodha ni kosa lake tayari. Kumfanya mshiriki wa utapeli kunahitaji ushahidi kwamba alijua, na ushahidi huo mara nyingi umo kwenye mazungumzo ya mauzo: mnunuzi aliuliza "wana hela?", akaomba safu ya viasi isiondolewe, akalipa kwa laini ya jina lingine. Ndiyo maana simu na kompyuta ya steshenari vichukuliwe mapema, kwa utaratibu wa upekuzi na hati ya ukamataji mali, kabla faili halijafutwa.

Swali linaloulizwa sana na wanaosoma visa hivi ni hili: tapeli aliwajuaje wateja wa mama? WhatsApp ikihamishiwa simu nyingine kwa namba za uthibitisho, mazungumzo ya zamani hayaendi nayo. Makundi yanaenda. Mama alikuwa na kundi la wateja lenye watu 140, na tapeli alipoingia akayakuta majina na namba zote, akaanza kuwaandikia mmoja mmoja. Kinga yake ni ndogo na bure: uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita inayowekwa ndani ya mipangilio ya akaunti. Ingekuwepo, namba sita za SMS peke yake zisingetosha. Na kama tapeli ndiye aliyetangulia kuiweka PIN yake, mwenye akaunti anaweza kumtoa kwa kusajili upya namba yake, lakini atasubiri siku saba kabla ya kuingia bila PIN hiyo. Siku saba hizo atumie SMS na simu za kawaida kuwaonya wateja.

Je, mama anadaiwa madumu manne? Kwa maoni yetu, hapana. Hakuna mkataba aliouingia. Aliyeuza alikuwa mtu mwingine aliyevaa jina lake. Mwalimu akitaka kumdai kwa uzembe atabeba mzigo wa kuonyesha kwamba mama alijua akaunti imetekwa akanyamaza. Ukimya huo ndio unaoweza kumgharimu. Yeye naye ni mkusanyaji wa taarifa za wateja kwa maana ya sheria, ana wajibu wa kuzilinda na kutoa taarifa Tume bila kuchelewa pale ulinzi unapovunjika. Anachojibu kwa uhakika ni tangazo la Jumatatu: biashara iliyotangazwa ni yake, na kusema alimwachia fundi hakumtoi.

Kampuni ya simu haiwajibiki kwa kupitisha ujumbe. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao hakiitwishi kazi ya kupekua kila kinachopita, na cha 40 kinaikinga ilimradi haikuanzisha ujumbe, haikuchagua mpokeaji na haikubadilisha kilichomo. Kinga hiyo haiendi mbali. Ikishajulishwa kwamba kuna uhalifu unaoendelea, inatakiwa ichukue hatua na kuvijulisha vyombo husika.

Anayebaki ni mwenye laini iliyopokea 400,000. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na katika visa vingi jina linalotokea ni la mtu asiyejua lolote, aliyesajiliwa laini ya pili alipoambiwa "weka tena kidole, haijashika". Huyo polisi watamfikia wa kwanza. Kila mtu apige *106# na kufuata menyu aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na asiyoitambua aende kuifuta kwenye duka la mtandao husika. Anayekubali kusajilia mtu laini kwa elfu tano, hilo ni jambo lingine, ajiandae kueleza.

Sasa saa za mwanzo, maana hapo ndipo kesi nyingi hufia. Mwalimu alipohisi kitu, alitakiwa apige kampuni yake ya simu kabla ya kupiga kwa ndugu, ataje kumbukumbu namba ya muamala na aombe hela izuiwe upande wa mpokeaji. Ikiwa bado ipo kwenye akaunti inaweza kushikiliwa. Ikishatolewa kwa wakala, kinachobaki ni upelelezi. Kisha polisi, apate RB (namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha kituo), na ataje mambo matatu: namba iliyopokea hela, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na muda. Jina lile lilikuwa tofauti na la mama, na tapeli alikuwa amemwandaa kwa kusema "jina litakuja la mdogo wangu". Maneno hayo yaingie kwenye maelezo yake kama yalivyo, yanaonyesha mpango. Ujumbe wa utapeli wa SMS upelekwe pia 15040, bure, na kufuata maelekezo ya kuandika namba iliyoutuma.

Asifute chochote. Asirudishe simu kwenye hali ya kiwandani kwa hofu ya kudukuliwa. Picha za skrini zipigwe zikionyesha namba kamili na tarehe, kwa kuwa jina la "Mama Mawese" lililohifadhiwa kwenye simu yake halimthibitishi mtu yeyote. Mahakama, chini ya kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, haikatai ushahidi kwa kuwa tu ni wa kielektroniki, ila inaangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa, na aliyeuanzisha alivyotambuliwa. Karatasi iliyochapwa steshenari bila simu yenyewe na bila shahidi wa kueleza ilivyopatikana inapingwa kirahisi. Mkuu wa kituo cha polisi ana mamlaka, kwa kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, ya kuagiza kampuni itoe taarifa za mwenye laini. Mwathirika hawezi kuzipata mwenyewe, na anayemuuzia taarifa hizo "kwa ndani" anatenda kosa jipya.

Kingine kinachoharibu: kubandika Facebook picha ya mwenye laini na kumwita mwizi. Akigundulika hakuhusika, mwathirika anageuka mlalamikiwa, na tapeli mwenyewe ameshaonywa.

Mama akitaka kutangaza msimu ujao, abaki na wale 900 wake, na ujumbe uwe wa namna hii, herufi 132, bila kikaragosi: "Duka la Mawese Kibirizi, tangazo: dumu lita 20 limefika. Unapata SMS hii kwa kuwa ulinunua kwetu. Kuacha tuma ACHA kwenda 07XXXXXXXX". Mapatano na mtumaji yaandikwe, yaseme namba zinatoka wapi, nani anabaki na nakala, na kwamba faili linafutwa kazi ikiisha. Kwenye daftari lake la wateja aongeze safu moja ya tarehe ya kuacha, na kila namba iliyoandikwa humo itolewe kwenye orodha kabla hajampa mtu kuitumia.